Fumbo Bila Sanduku: Kutega Msako wa Ramani Muhumba

Ukitaka kutega msako wa mafumbo katika Muhumba, jambo la kwanza ni kuliacha sanduku nyumbani. Ushauri huu utamshangaza anayeujua mchezo wenyewe, maana jiokashi ilizaliwa na chombo kilichofichwa. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliondoa hitilafu iliyokuwa imeiweka kwa makusudi katika mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na kesho yake Dave Ulmer akafukia ndoo nusunusu karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali pake na kuwaambia watafutaji wachukue kitu na waache kitu. Kutoka ndoo ile mchezo umeenea duniani: vikopo chini ya mawe, vichupa ndani ya mashina ya miti, na kila kimoja kina daftari la kuandikia jina. Aina ya mafumbo, ambayo ndiyo inayotuhusu, huongeza kizuizi kimoja. Namba zinazotangazwa si za hazina, ni za mahali jirani, na hazina hutakiwa isizidi kilometa 3.2 kutoka hapo. Namba za kweli huzipati mpaka ufumbue. Ninachodai ni kwamba Muhumba ina kila kinachohitajika kwa mchezo huu isipokuwa mahali pa kufichia chombo, na kwamba upungufu huo ndio utakaokusukuma utege fumbo bora kuliko lile lenye kopo mwishoni.

Muhumba ni mojawapo ya rasi ambazo Bukavu imezitia katika ziwa Kivu kama vidole, ndani ya komini ya Ibanda, upande wa kuelekea mpaka wa Ruzizi ya kwanza. Usitafute pale bustani ya kihistoria yenye geti na tiketi. Bustani ni kartie yenyewe: avenyu zenye miti mikubwa, nyumba zilizojengwa katika miongo ya mwisho ya ukoloni wakati mji ulipoitwa Costermansville, na maji yanayochungulia kati ya paseli moja na nyingine. Kwa mwendo wa miguu kuelekea mashariki ziwa linaishia na mto Ruzizi unaanza, mto ambao ndio mlango pekee wa maji ya Kivu kutokea. Huna haja ya kuwaombea watafutaji uzuri wa mahali, wanao. Unachopaswa kuwatafutia ni sababu ya kutazama.

Sasa sanduku. Julai 2011, katika Wetherby, kimji tulivu cha Yorkshire huko Uingereza, chombo cha plastiki kilichofichwa mtaani kwa ajili ya mchezo huu kilidhaniwa kuwa bomu. Barabara ikafungwa, wataalamu wa mabomu wakaja, wakakilipua. Ilikuwa aibu na hasara, basi. Hamishia kopo hilohilo Bukavu. Mji huu uliingia mikononi mwa waasi wa M23 katikati ya Februari 2025, na tarehe 27 mwezi huohuo milipuko katika mkutano wa hadhara pale Place de l'Indépendance iliua watu zaidi ya kumi. Hapa mfuko ulioachwa chini ya mti hauulizwi ni wa nani. Watu wanaukimbia, au mwenye silaha anaukaribia. Na mtu anayeinama penye ukuta wa paseli ya mwenyewe, anapapasa mawe, anatazama simu, anapapasa tena, hana maelezo ambayo papa mzamu atayakubali. Mpaka uko karibu, nyumba nyingi zina walinzi, na katika mazingira hayo kufichaficha kitu ni tabia inayofanana mno na mambo mengine. Mtegaji anayesema atachagua mahali salama hajalijibu tatizo, kwa sababu hatari haikai kwenye kopo, inakaa machoni mwa anayemwona mtu akilitafuta.

Sababu ya pili ni takataka, na hii haitokani na vita. Mvua kubwa inapopiga, chupa na vifuko huteremka kutoka vilima vya Kadutu kwa mitaro na kwa kijito cha Kawa hadi ziwani, na kwa kuwa ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, vinavyoelea huishia hukohuko. Plastiki hukwama kwenye bwawa la Ruzizi ya kwanza, pale Mururu, mitambo iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ikabidi izimwe isafishwe, na mji ukakosa umeme. Kopo lako moja halitazima taa za Ibanda, ni kweli. Lakini mchezo unaosifu mto huku ukiacha plastiki kwenye mteremko unaoelekea mto huohuo unajikanusha wenyewe, na watoto ni wepisi kuliona hilo kuliko mtegaji.

Hapo ndipo mtu husema: ukiondoa sanduku umeondoa mchezo. Pingamizi hili ni zito na halifai kupuuzwa, kwa sababu raha ya mkono kugusa kitu baada ya saa mbili za kuhangaika ni raha ya kweli. Lakini linadhani kwamba kilichofichwa lazima kiwe kitu. Magharibi ya mkoa huu, Mwenga na Shabunda, Walega wana kamba iitwayo mutanga. Imefungwa vitu vidogovidogo, ganda, mfupa, kipande cha kibuyu, unyoya, na kila kimoja kinabeba methali. Kamba imetundikwa mbele ya macho ya wote na hakuna kilichofichwa hata kimoja, lakini asiyefundishwa anaona takataka zilizoning'inia, na aliyefundishwa anasoma. Mmisionari Georges Defour aliandika kitabu kizima kwa kuifuata kamba ya namna hiyo, kitu kwa kitu. Kwa hiyo fumbo ambalo jibu lake liko wazi mbele ya kila mtu na bado halionekani si uvumbuzi wa kompyuta wala punguzo kwa maskini wa makopo. Ni ufundi wa zamani wa Kivu ya Kusini yenyewe. Hata wachezaji wa dunia wanalijua kwa namna yao. Tangu 2004 kuna aina ya jiokashi isiyo na chombo kabisa, iliyoanzishwa pamoja na Jumuiya ya Jiolojia ya Marekani, ambamo mtafutaji hufika mahali, akatazama mwamba au mto, akajibu swali ambalo haliwezi kujibika pasipo kufika. Na Kiswahili nacho kina lake: anayeshindwa kitendawili huombwa mji. Mchezo ambao deni lake hulipwa kwa jina la mahali ulikuwa tayari umefika nusu ya njia kuelekea kwenye ramani.

Basi Muhumba ifanye mutanga. Kila kituo kiwe kitu kinachoonekana, na fumbo liwe lile neno kinalolibeba. Lakini chagua kwa makini kitu cha kufunga kwenye kamba, kwa kuwa katika mji huu maandishi hufa haraka kuliko mawe. Mtegaji aliyejenga fumbo lake juu ya vibao vya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, mapema mwaka 2024 alilipoteza ifikapo Juni, ujumbe huo ulipoondoka Kivu ya Kusini. Vibao vya mashirika hubadilika kila mradi unapokwisha, kuta hupakwa rangi upya kila kampuni ya simu inaponunua tangazo, na majina ya barabara hufuata watawala. Hesabu badala yake vitu ambavyo kuvibadilisha ni ghali: ngazi za mawe, nguzo za jengo la umma, kona za avenyu, umbo la rasi yenyewe, upande ambao maji yanaelekea. Hata hivyo vikague tena wiki moja kabla ya msako, maana tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliangusha kuta za mji huu kwa sekunde chache na hakuna nguzo iliyoapa kubaki. Na usihesabishe watu madirisha ya nyumba ya mtu. Swali linalomfanya kijana asimame dakika tano akikodolea macho paseli ya mwenyewe ni swali baya hata kama jibu lake ni zuri.

Kazi tamu ni kuandika mafumbo, na hapa ziwa lenyewe ni mali isiyokwisha. Kivu iko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Tanganyika, ambako Ruzizi inamwaga maji baada ya safari ya kilometa zipatazo 117, iko karibu mita 770. Maji yanaporomoka karibu mita 700, na ndiyo sababu ya mabwawa. Lakini hayakuelekea kusini tangu mwanzo. Zamani bonde hili lilitiririka kaskazini, kuelekea ziwa Edward, mpaka volkeno za Virunga ziliponyanyuka na kuziba njia; maji yakajaa, yakapanda, na yapata miaka 10,000 iliyopita yakafurika upande huu. Mtafutaji anayesimama Muhumba akiulizwa tu maji yanaelekea wapi atajibu bila kufikiri. Mwulize hivi: kitendawili, mama anakunywa kwa vinywa vingi na kutema kwa kimoja, na kinywa hicho si alichozaliwa nacho. Hapo lazima ajue kwamba vijito ni vingi na mto wa kutokea ni mmoja, na lazima pia ajue habari ya volkeno, la sivyo nusu ya pili ya kitendawili itamkwama kooni. Hicho ndicho kipimo changu cha fumbo zuri: liwe na sehemu inayojibika kwa macho na sehemu inayojibika kwa kujua, na mtu asiweze kuvuka kwa moja tu.

Historia ya mji ina utajiri wa namna hiyohiyo. Kituo cha kikoloni kiliwekwa mwaka 1901. Jina la Costermansville, la ofisa Mbelgiji Paul Costermans, liliachwa mwaka 1954 na Bukavu ikarudi kuwa Bukavu, yaani kabla ya uhuru, jambo ambalo wengi hudhani lilikuja na uhuru au na Mobutu. Fumbo linaloutumia mwaka huo litawakamata wengi. Place Mulamba inamkumbuka Léonard Mulamba, askari aliyeulinda mji dhidi ya waasi wa Simba Agosti 1964 na mwaka uliofuata akawa waziri mkuu. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji tangu Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba, kisha wakavuka Ruzizi kuingia Rwanda. Pale Nyawera, tarehe 29 Oktoba 1996, aliuawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa. Miaka hii haihitaji kibao chochote kusimama mahali pake. Iko katika vitabu na vinywani mwa wazee, kwa hiyo mtafutaji asiye na kitabu lazima aulize mtu. Mimi nalihesabu hilo kuwa faida kubwa kuliko zote za msako usio na sanduku: kopo linamfanya mtafutaji awakwepe watu wasimwone, na swali linampeleka kwao.

Tuingie katika namba, mahali ambapo watega mafumbo wengi huharibu kazi nzuri. Wachezaji huandika mahali kwa nyuzi na dakika zenye tarakimu tatu za desimali, kwa mfano S 02° 30.ABC na E 028° 51.DEF. Bukavu iko karibu na ikweta, na hilo linakurahisishia: dakika moja kaskazini au kusini ni kilometa 1.84, na dakika moja mashariki au magharibi ni kilometa 1.85, kwa hiyo unaweza kuzichukulia sawa. Anayetega London hana bahati hiyo, kwani dakika yake ya mashariki imenywea hadi kilometa 1.15 hivi. Tarakimu ya kwanza ya desimali kwako ina thamani ya mita 184, ya pili mita 18, ya tatu mita 1.8. Sasa chukua fumbo linalotaka mwaka ambao jina la Costermansville liliachwa, na tarakimu ya mwisho ya mwaka huo iwe sehemu ya namba. Jibu sahihi ni 4. Kijana aliyekosea kwa mwaka mmoja ana 3. Ukiiweka tarakimu hiyo nafasi ya tatu, amekosea mita mbili, na simu ya kawaida mahali peupe ina makosa ya mita tano yenyewe. Atafika palepale na historia yake mbovu bila kujua. Ukiiweka nafasi ya kwanza, kosa hilohilo linamtupa mita 184, na kwenye rasi nyembamba hiyo ni ziwani au ndani ya paseli ya mtu. Nafasi ya pili ndiyo mahali pake. Mita 18 zinatosha kumwonyesha kwamba haoni alichoahidiwa, na hazitoshi kumwingiza matatani. Tarakimu ya kwanza mpe bure. Ya tatu ni pambo. Iandike sifuri, na mahali halisi pa kusimama paelezwe kwa maneno, kwa sababu chini ya miti mikubwa ya Muhumba mshale wa simu hucheza kama mlevi.

Makosa mawili zaidi yanastahili onyo, kwa kuwa simu hazikosoi. La kwanza ni alama ya kusini. Programu nyingi huandika latitudo ya kusini kwa alama ya kutoa, na anayeisahau anatumwa upande wa pili wa ikweta, kilometa zaidi ya 550 kutoka alipo, huko upande wa Mungbere. La pili ni la hila zaidi. Mtu anapewa S 02° 30.500 na E 028° 51.500, anaziingiza kwenye simu kama 2.305 na 28.515, akidhani desimali ni desimali. Simu inazikubali bila kelele na kumwelekeza zaidi ya kilometa 40 kaskazini-magharibi, upande wa milima ya Kahuzi. Kinga ni ndogo: andika katika karatasi ya msako mfano mmoja uliogeuzwa tayari, kwamba dakika 30.500 zikigawanywa kwa 60 ni nyuzi 0.50833, hivyo mahali hapo ni kutoa 2.50833. Ongeza pia namba ya kujisahihisha. Kama majibu ya vituo viwili ni 4, kutoka mwaka 1954, na 6, kutoka mwaka 1996, sema wazi kwamba jumla yake ni 10. Fumbo halilegei kwa hilo. Linamwambia tu aliyekosea kwamba amekosea kabla hajatembea.

Je, si mchezo wa wenye simu za bei? Pingamizi hili nalo lina ukweli, lakini mdogo kuliko linavyosikika. GPS haitumii unité wala mega. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti bure, na ramani za OpenStreetMap hupakuliwa mara moja penye wifi zikatumika bila intaneti. Kundi la watu watano linahitaji simu moja. Zaidi ya hapo, mashindano huwa mazuri zaidi simu ikiwa moja, kwa sababu asiyeishika ndiye anayeinua macho. Palipo na shule isiyo na simu hata moja, geuza mita kuwa hatua: mita 18 ni hatua ndefu ishirini na kitu za kijana, na kaskazini huonyeshwa kwa dira ya bei rahisi.

Kuhusu udanganyifu, nakubali kwamba jibu likishaingia kwenye kundi la WhatsApp limekwisha. Dawa yake ni kulipatia kila kundi namba yake mwanzoni, tuseme kundi la kwanza 3 na la pili 5, na kuagiza namba hiyo ijumlishwe kwenye kila jibu kabla ya kuandikwa. Anayenakili kwa jirani ananakili pia namba ya jirani, na kituo cha mwisho kitamfichua. Kituo hicho, kwa sababu hakina kopo, kiwe na mtu. Mwombe mwenye duka la vitabu, katibu wa parokia, mwalimu, mama mwenye mgahawa, yeyote aliye mahali pa hadhara na anayeketi hapo kila siku, akushikie daftari. Watafutaji wakifika wanamsalimu, wanamtajia neno lililotokana na herufi za vituo, naye akiridhika anafungua daftari waandike majina. Mkono unapata kitu cha kugusa, na yule aliyelilia sanduku hapo juu amejibiwa, ila tu hazina yake inaweza kumwuliza swali la nyongeza. Kama watafutaji wataishia kununua chai na maandazi kwake, amelipwa taabu yake.

Pingamizi gumu zaidi ni la adabu. Kuna watakaosema kuwa mwaka ambao askofu aliuawa si tarakimu ya kuchezea, na kwamba mji uliozika watu wengi namna hii hauhitaji michezo juu ya makaburi yake. Nusu ya kwanza ya pingamizi hilo naikubali kabisa: usimwambie mtoto ahesabu kifo kama anavyohesabu ngazi. Fumbo la Nyawera liulize Munzihirwa alikuwa nani, alikuwa wa shirika gani, yaani Mjesuiti, na alisimama upande wa nani katika siku za wakimbizi. Mwaka uje mwishoni, kama kitu ambacho mtu aliyekwisha kumjua anakijua pia. Kwa mamluki wa 1967 huruma yangu ni ndogo, lakini hapo pia uliza walivyoondoka, si walivyopiga. Nusu ya pili ya pingamizi ndiyo siikubali. Vijana wa Bukavu wanapita Nyawera kila siku, kwa miguu au nyuma ya motari, na wengi wanalijua jina la mahali bila kulijua la mtu. Ukimya hauwalindi na chochote. Swali lililoandikwa kwa heshima linawapa sababu ya kusimama pale dakika tatu.

Ruhusa ni kazi ya wiki mbili kabla, na haina njia ya mkato. Andika barua moja fupi yenye tarehe, saa, njia, idadi ya watu na jina la msimamizi, uipeleke kwa shefu wa kartie na komini ya Ibanda, upate mhuri, utoe nakala kwa kila kundi. Mpitie papa mzamu wa kila paseli iliyo jirani na kituo ili siku ile asishangae, na uwafundishe watoto kuanza kwa «Jambo, papa» kabla ya kuinua simu. Njia isikaribie daraja la mpakani, mabwawa, wala jengo lolote lenye askari, na pasiwe na fumbo linalotaka picha. Hapa picha huzaa maswali ambayo barua yako haitayajibu. Hakuna kituo kinachomwomba mtu akanyage maji, kwa kuwa kingo za Kivu huzama ghafla. Anza saa mbili asubuhi, maliza kabla ya saa sita, vituo vitano vinatosha, na chagua Juni hadi Agosti kama hutaki mvua ikuchanganyie karatasi. Kukiwa na tetesi zozote mjini asubuhi hiyo, ahirisha bila kujadiliana na mtu. Faida ya msako usio na sanduku ni kwamba hakuna kilichobaki barabarani cha kwenda kukusanya.

Siku ya pili yake pitia daftari pamoja na aliyelishika. Atakuambia ni kundi gani lilifika likiwa limeshika neno lakini halijui maana yake, na hilo litakuonyesha kituo kilichofumbuliwa kwa kubahatisha. Kituo hicho kiondoe kwenye kamba, ufunge kingine.